Hukumu ya Vitafunio vya Protini na Vilivyotiwa Ndani Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewahalalishia waja Wake vilivyo vizuri na Akawaharamishia vilivyo vibaya, kwa huruma Yake kwao na wala si kwa kuwadhikisha. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, limetufikia swali kutoka kwa familia moja ya Azaiba, hapa Maskati, miongoni mwa familia zetu zizungumzazo Kiswahili. Tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa kuwa jambo lenyewe limo katika nyumba nyingi, na watu wengi hulinong'ona wala hawaliulizi.

Swali kwa ufupi ni hili. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanakaa nyumba zinazotazamana. Kijana wa mkubwa hufanya mazoezi ya viungo, na kila siku hula kitafunio cha protini kilichofungwa katika karatasi. Baadhi ya vitafunio hivyo hununuliwa katika maduka ya mtaani, na baadhi huletwa katika mizigo na jamaa waishio Uingereza. Siku moja ami yake alisoma karatasi ya kimoja katika hivyo vya Uingereza, akakuta neno jelatini, akasema mbele ya watoto kwamba nyumba ile inalishwa haramu. Tangu siku hiyo amewakataza wanawe kula kwa baba yao mkubwa, hata wali na maji ya kunywa. Bibi yao ndiye aliyeomba tuandike. Anauliza: kitu hiki ni haramu au si haramu? Na anachokifanya mwanawe mdogo ni ucha Mungu au ni kukata udugu?

Maswali ni mawili, na la pili halijibiki mpaka la kwanza lipate haki yake. Basi tunasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuwafikishwa:

Msingi wa mas-ala

Jueni, Mwenyezi Mungu akurehemuni, kwamba vyakula vimegawika mafungu mawili katika asili yake.

Fungu la kwanza ni vitokavyo katika ardhi na katika bahari, pamoja na maziwa na asali. Asili ya hivi ni halali. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mola wetu amewaita watu wote, wala si Waislamu peke yao, wale vilivyomo katika ardhi vikiwa halali na vizuri. Anayedai kwamba kitu katika fungu hili ni haramu, yeye ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, kama anavyotakiwa mdai mbele ya kadhi. Mwenye kula hatakiwi kuthibitisha uhalali wa mchele wake, kama ambavyo mwenye kukaa katika nyumba yake hatakiwi kuleta shahidi kila asubuhi kwamba nyumba ni yake.

Fungu la pili ni vitokavyo katika mwili wa mnyama wa nchi kavu: nyama, mafuta, ngozi na mifupa. Haya hayawi halali kwa ukimya. Sharti mnyama mwenyewe awe wa halali, na awe amechinjwa machinjo ya kisharia. Aya ya 3 ya Suratul Maida imetaja nyamafu, damu na nyama ya nguruwe miongoni mwa vilivyoharamishwa, na aya ya 145 ya Suratul An-aam imeieleza nyama hiyo kuwa ni uchafu. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba mafuta ya nguruwe yamo katika hukumu ya nyama yake. Na ingawa chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika aya ya 5 ya Suratul Maida, ruhusa hiyo haikumhalalisha nguruwe wala mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa.

Hata hivyo, sharia haikututaka tuwapekue Waislamu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba watu walimweleza Mtume (S.A.W.) habari ya jamaa walioingia katika Uislamu karibuni, ambao walikuwa wakiwaletea nyama, wala haikujulikana kama wametaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja. Mtume (S.A.W.) akawaelekeza walitaje wao jina la Mwenyezi Mungu na wale. Kwa hiyo nyama ya soko la Waislamu huliwa pasi na kuulizwa. Wazee wetu waliokulia Unguja walinunua nyama Darajani, na wengi wao wakimjua mchinjaji kwa jina lake na msikiti anaosali. Kitafunio cha kiwandani hakina jambo hilo. Mfupa umetoka nchi moja, umechemshwa katika nchi ya pili, unga wake umechanganywa katika ya tatu, na mchinjaji hajulikani na yeyote aliye mezani. Kilichobaki mkononi mwetu ni ile karatasi.

Karatasi ni shahidi

Katika miaka tuliyokaa katika kiti cha ukadhi, mashahidi waliosimama mbele yetu walikuwa wa namna tatu. Yupo asemaye alilolijua waziwazi. Yupo asemaye kwa dhana. Na yupo aliyenyamaza juu ya lile hasa analoulizwa, akasema mengi juu ya mengineyo. Karatasi ya kitafunio inaweza kuwa mashahidi wote watatu kwa wakati mmoja. Ikisema tende, karanga, shayiri na kakao, imesema waziwazi. Ikisema jelatini ya nguruwe, nayo imesema waziwazi, na kesi imekwisha. Lakini ikisema jelatini tu, imenyamaza juu ya lile tunalolihitaji.

Kadhi hamhukumu mtu kwa sababu shahidi amenyamaza, wala hamwachii kwa sababu hiyo hiyo. Humuuliza tena, au humtafuta shahidi mwingine. Watu wa siku hizi wamepotoka katika hili kwa njia mbili. Mmoja huona neno la kigeni asilolijua, akapiga ukelele wa haramu. Mwingine husema kuwa kila kilichomo dukani Maskati ni halali, akala na kulisha. Wote wawili wamehukumu kabla ya kusikiliza.

Na tahadhari nyingine inahitajika hapa. Watu wengi hutazama ile herufi E na tarakimu zinazoifuata, na mikononi mwao wana orodha za namba za haramu zinazopitishwa kutoka mtu hadi mtu. Namba hutaja kitu ni nini, na mara nyingi haitaji kimetoka wapi. E422 ni gliserini, iwe ya mawese au ya mafuta ya mnyama. E471 ni mafuta yaliyovunjwa ili maji na mafuta vishikamane, na namba ni hiyo hiyo kwa mmea na kwa mnyama. Nayo jelatini, katika kanuni za Ulaya, huhesabiwa kuwa chakula na wala si kiongezwa, kwa hiyo huandikwa kwa jina bila ya namba. Anayetafuta namba peke yake atapita juu ya kilicho kikubwa kuliko vyote.

Vilivyomo, kimoja kimoja

Kitafunio cha namna hii kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 50 hadi 60, na protini yake hufika gramu 15 au 20. Tuvitazame vitu vyake kwa utaratibu.

Kwanza, protini ya maziwa. Iliyo nyingi hutokana na yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, nayo huandikwa kwa Kiarabu masl al-laban. Asili yake ni maziwa, na maziwa ni halali. Shaka iliyoingia ni ya kigandishio, kwa kuwa tangu zamani jibini hugandishwa kwa kitu kitokacho katika tumbo la ndama, nacho kwa Kiarabu huitwa infaha. Mas-ala haya ni ya kale, na wanavyuoni waliyazungumza tangu Masahaba walipoingia nchi za Wafursi na kukuta jibini yao. Wapo walioruhusu na wapo waliozuia. Katika zama zetu shaka hii imepungua, kwa sababu sehemu kubwa ya jibini ya viwandani hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotengenezwa na kuvu au vijidudu. Marekani iliruhusu kigandishio cha namna hiyo mwaka 1990, na nchi nyingine nyingi zikafuata. Basi protini ya maziwa inabaki katika asili yake ya halali, wala shaka ya mbali haiiondoi yakini.

Pili, protini za mimea, kama soya na njegere. Hizi hazina mjadala.

Tatu, jelatini na kolajeni. Hapa ndipo penye uzito wa swali, na hapa tunataka msomaji asimame pamoja nasi. Vitu hivi viwili asili yake ni moja. Ni protini ya ngozi na mifupa, iliyotolewa kwa maji ya moto baada ya kulainishwa kwa tindikali au chokaa. Huweza kutoka kwa nguruwe, ng'ombe au samaki. Ya samaki ni halali, kwa kuwa mawindo ya bahari yamehalalishwa katika aya ya 96 ya Suratul Maida. Ya ng'ombe aliyechinjwa kisharia ni halali vile vile. Ya nguruwe haifai.

Wapo waliosema kwamba hata ya nguruwe inafaa kwa kuwa imegeuka kitu kingine, kama mvinyo unavyogeuka siki. Tunaiheshimu elimu ya waliosema hivyo, lakini tunaona kwamba mfano haukulingana. Siki si mvinyo tena, ama jelatini ni ile ile kolajeni ya ngozi na mfupa, iliyokatwa vipande vidogo kwa moto na tindikali. Kukatika si kugeuka.

Ama ya ng'ombe asiyechinjwa, yupo anayetoa hoja ya ngozi, kwamba ngozi ya nyamafu ikidabighiwa hutoharika. Jawabu lake limo katika habari ya kondoo wa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna (R.A.). Kondoo alikufa, na Mtume (S.A.W.) akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Walipomwambia kuwa ni nyamafu, alibainisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Basi ruhusa ya ngozi ni ya kuvaa, kukalia na kutilia maji, wala haikuwa ruhusa ya kutafuna.

Inafaa wazazi wajue pia kwamba kolajeni ni protini pungufu, kwa kuwa imekosa kabisa sehemu moja ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, nayo ni triptofani. Huongeza tarakimu iliyoandikwa mbele ya karatasi kuliko inavyoufaa mwili wa kijana.

Nne, gliserini, ambayo hukifanya kitafunio kisikauke. Waliokulia Unguja na Pemba wanaijua sabuni ya mafuta ya nazi. Mafuta yakichanganyika na magadi ikatoka sabuni, gliserini hutoka pamoja nayo. Nyingi ya leo ni ya mimea, na ya mnyama ipo. Hukumu yake ni kuuliza, na ikiandikwa kuwa ya mimea, imetosha. Na E471 ni hivyo hivyo.

Tano, lesithini, E322. Mara nyingi ni ya soya au alizeti. Kwa kuwa soya huwadhuru baadhi ya watu, kanuni za nchi nyingi humlazimisha mtengenezaji kuitaja. Angalieni hapa: kanuni zimemlazimisha ataje kilichoweza kudhuru mwili, na kanuni hizo hizo hazikumlazimisha aseme gliserini yake imetoka wapi. Hilo la pili tumeachiwa sisi.

Sita, vionjo. Baadhi hutiwa katika pombe ili harufu ishikike. Kanuni ya Marekani inataka dondoo ya vanila iwe na pombe isiyopungua asilimia 35, na humo katika kitafunio huingia kidogo sana, na katika kuokwa sehemu yake huruka. Wanavyuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Wasia wetu ni kuchagua kile kilichotiwa vanila ya unga, na kumwachia nafasi aliyefuata kauli nyingine.

Saba, rangi na vipako. E120 ni rangi nyekundu itokayo kwa wadudu, na kuiacha ndiyo salama. E904 ni utomvu wa mdudu unaong'arisha chokoleti, na jambo lake ni jepesi zaidi.

Bidhaa ya dukani na bidhaa ya mizigoni

Aliyeuliza ametaja vya dukani na vilivyoletwa na jamaa, na hivi haviko sawa. Bidhaa inayoingia Omani kwa njia ya biashara inapita mikononi mwa wenye kusimamia usalama wa chakula, na nchi za Ghuba zina kanuni zao za pamoja za chakula cha halali na za kuandika maelezo kwa Kiarabu. Hiyo ni dalili yenye uzito, na mnunuzi anaweza kuitegemea pale ambapo karatasi haikusema kinyume chake. Lakini si hukumu ya mwisho, kwani yapo maduka Maskati yaliyotenga chumba kwa bidhaa za wasio Waislamu. Asome na pale.

Bidhaa iliyokuja katika sanduku la nguo, au iliyoagizwa kwa posta, haikupita huko. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi ile, ambao wengi wao hula nguruwe. Ikiandika jelatini bila ya kueleza, hakuna asili ya kuitegemea, kwa kuwa imo katika fungu la pili tulilolitaja, ambalo halihalaliki kwa ukimya. Mwenye kuihitaji aandike barua kwa mtengenezaji. Akijibiwa kwa uwazi na kwa kutaja chanzo na machinjo, achukue. Akijibiwa kwa huenda na yawezekana, hilo si jawabu. Alama ya chakula cha wasiokula nyama nayo husaidia, kwani huondoa shaka ya jelatini na ya mafuta ya mnyama, ingawa haisemi lolote juu ya pombe.

Kwa hiyo kile kipande alichokisoma ami, chenye neno jelatini pasi na maelezo, kiachwe. Kijana asikile mpaka apate bayana. Aliyokula kabla ya kujua hayana dhambi wala kafara juu yake, na vyombo vya nyumba havina tatizo.

Wilaya, Baraa na Wuquf

Sasa tuje kwenye swali la pili, nalo kwetu ndilo kubwa zaidi.

Watu wa madhehebu yetu wamefunzwa tangu utotoni kwamba Muislamu ana misimamo mitatu kwa watu: Wilaya kwa aliyejulikana kwa utiifu, Baraa kwa aliyethibitika katika uasi na akaushikilia, na Wuquf kwa ambaye hali yake haikujulikana. Wuquf maana yake ni kusimama. Husemi ni mwema wala husemi ni muovu, unasubiri mpaka Mwenyezi Mungu akubainishie. Na aliyekwisha thibiti katika Wilaya hatolewi humo kwa dhana. Hata akiteleza kwa yakini, huitwa kwanza kwenye toba.

Ndugu huyu alikuwa na mahali pa kusimama, naye akavuka. Kwa jelatini isiyojulikana, alipaswa kusimama: asile, asilishe, wala asitamke hukumu asiyokuwa nayo. Katika Suratun Nahl, aya ya 116, Mwenyezi Mungu amekataza ndimi zisivumishe kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu, zikamzulia Mola uwongo. Watu huikumbuka aya hii dhidi ya anayehalalisha. Inamhusu anayeharamisha sawasawa.

Kisha akatoka kwenye kipande kimoja cha kitafunio akaingia kwenye wali na maji. Wali umo katika fungu la kwanza, na maji ni maji. Kwa ushahidi gani umeharamishwa? Na kaka yake, anayesali naye msikiti mmoja, kwa ushahidi gani ametolewa katika Wilaya? Kuacha chenye shaka ni uchaji katika tumbo lako. Kumhukumu ndugu yako kwa shaka ni dhulma katika heshima yake, na kukata udugu ni haramu isiyo na shaka ndani yake. Haifai mtu akimbie lenye kutatiza kwa kuingia katika lililo wazi kuwa ni dhambi.

Basi jawabu kwa mama yetu aliyeuliza ni hili: mwanao mdogo alipatia alipokitilia shaka kile kipande, na alikosea katika yote yaliyofuata. Ni juu yake awaendee kaka yake na mke wa kaka yake, aombe radhi mbele ya wale wale watoto waliomsikia, na awarudishe wanawe kwenye sinia la baba yao mkubwa. Na mwanao mkubwa asijione mshindi. Ni juu yake kukiondoa kilichotia shaka, na kumshukuru nduguye kwa lile alilolipatia.

Wasia kwa wazazi

Wazee wa familia hizi walipita mengi. Baadhi yao waliondoka Zanzibar baada ya mwaka 1964, na wengi wakarejea Omani baada ya mwaka 1970, hawana kikubwa mkononi ila dini yao na udugu wao. Ni jambo zito kupoteza kimoja katika viwili hivyo kwa sababu ya kitu cha kutafuna njiani.

Wafundisheni watoto kusoma karatasi kama mnavyowafundisha kutia udhu. Wajue maneno manne ya kuuliza: jelatini, kolajeni, gliserini na E471. Mengi yaliyobaki ni mepesi. Anayeshindwa kupata jawabu aiulize Ofisi ya Iftaa, au mwenye elimu aliye karibu naye, wala asijitungie hukumu. Na kijana anayetaka nguvu aambiwe kwamba yai moja lina protini inayokaribia gramu 6, na kwamba jodari, kunde, dengu, maziwa, tende na kashata ya karanga vimo nyumbani, wala havihitaji kuandikiwa barua Uingereza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, atupe yakini pale penye yakini, na atupe subira ya kusimama pale tusipojua. Aunganishe nyoyo za ndugu waliohitilafiana, na azitie baraka sinia wanazozizunguka.

Wabillahi Taufiq.